Mtu Hujulikana kwa Nini?

Liko swali ambalo wazee wetu waliliwaza kando ya moto, nalo halijachakaa hata leo: mtu ni nani hasa? Je, ni kile kilichomo ndani yake, ambacho jicho la mwingine haliwezi kukiona, au ni yale mafungamano yake na wenziwe? Mithali yajibu upesi, "Mtu ni watu." Nimeisikia ikisemwa arusini na matangani, na kila asikiaye huitikia kwa kichwa. Walakini mimi nilikuwa na shaka nayo kwa muda mrefu, na shaka hiyo ilizaliwa na kosa langu mwenyewe, ambalo sina budi kulisimulia.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa shule, hapa petu Kibakwe. Nalikuwa nimeketi mezani nikiandikisha watoto wapya. Daftari lina nafasi zake: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa. Akaja mtoto wa kiume, mwembamba, mwenye umri upatao miaka tisa. Nalimwuliza jina lake, akalitaja. Nalimwuliza jina la babaye, akanyamaza. La mamaye, akanyamaza tena. "Umezaliwa wapi?" Akasema, "Sijui, mwalimu." Nami, kwa kuwa msafara wa watoto ulikuwa mrefu na jua lilikuwa limekwisha kupanda, nikaandika katika nafasi zile tatu neno moja tu: Hana. Hana, hana, hana. Sikujua ya kuwa mtoto yule alikuwa amekwisha kufundishwa kusoma kidogo. Aliinama, akalitazama neno lile, kisha akaenda kuketi mahali pake bila kusema kitu.

Habari yake nitairudia. Kwanza nataka kuwaeleza jambo la hesabu ambalo nilikuja kulisoma baadaye, maana ndilo lililonifumbua macho juu ya neno nililoliandika. Msiogope, sitawatia katika vichaka vya alama. Aliyewahi kugawa karanga kwa watoto wake ataweza kulifuata.

Mwaka 1945 wataalamu wawili wa hesabu katika Marekani walitoa maandiko ya elimu mpya. Mmoja alikuwa Samuel Eilenberg, mzaliwa wa Warsaw katika Poland, aliyehamia Marekani mwaka 1939. Wa pili alikuwa Saunders Mac Lane, Mmarekani. Elimu yao waliiita elimu ya kategoria, na jina hilo waliliazima kwa wanafalsafa, kwa Aristotle na Kant. Desturi ya hesabu tangu zamani ilikuwa kukifungua kitu na kutazama kimejengwa kwa nini. Hawa wawili walifuata njia nyingine. Walisema, tuviache vitu vikiwa vimefungwa, tusichungulie ndani kabisa. Tutazame tu mishale itokayo kitu hiki kwenda kile, na namna mishale hiyo inavyoungana.

Mfano wake ni njia zetu. Iko njia itokayo Kibakwe kwenda Mpwapwa, na iko njia itokayo Mpwapwa kwenda Dodoma. Ukiziunga umepata njia itokayo Kibakwe kwenda Dodoma. Tena kuna njia moja ambayo watu huisahau kwa kuwa haichoshi miguu, nayo ni ile ya kukaa pale pale ulipo, yaani kutoka Kibakwe na kufika Kibakwe. Katika elimu ya kategoria hii nayo ni njia kamili, na kila kitu lazima kiwe nayo. Huitwa mshale wa kitu kwenda kwake chenyewe. Nawaomba mwushike mshale huu, maana mbele tutauhitaji.

Basi akatokea Mjapani mmoja, Nobuo Yoneda, aliyezaliwa mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 alikutana na Mac Lane huko Paris, na Mac Lane mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyozungumza katika kituo cha reli kiitwacho Gare du Nord, mazungumzo yakaendelea mpaka wakati wa treni kuondoka. Katika mazungumzo hayo Yoneda alimweleza kanuni moja, na Mac Lane akaipa jina la kijana yule. Hata leo huitwa Lema ya Yoneda, nayo ni miongoni mwa nguzo za elimu hiyo yote. Yoneda alifariki mwaka 1996. Hupenda kumfikiria pale kituoni, katikati ya makelele na mizigo, akimwambia mgeni jambo zito namna ile. Watu wengi hungoja meza na kiti.

Kanuni yenyewe, nikiisema kwa maneno ya kwetu, ni hii: ukiijua mishale yote ikifikiayo kitu kutoka kila mahali, na ukajua jinsi mishale hiyo inavyoungana, basi umekijua kitu hicho kadiri kinavyoweza kujulikana katika elimu hiyo. Vitu viwili vikipokea mishale kwa namna moja kutoka kila upande, na maungano yao yakapatana, vitu hivyo ni sawasawa. Hakuna siri iliyobaki ndani ya kimoja ambayo kingine hakina.

Sasa tujaribu kwa karanga. Nalifanya hivi darasani. Nilizificha karanga 12 chini ya kibuyu kilichokatwa, nikawaambia watoto, "Hamruhusiwi kufunua. Mwaweza kuniuliza tu kama zagawanyika kwa mafungu ya hesabu fulani pasipo kubaki hata moja." Hapa mshale ni huo mgawanyo. Kama karanga 12 zagawanyika kwa mafungu ya 4, basi kuna mshale utokao 4 kwenda 12. Na mishale huungana: 2 yaigawa 4, na 4 yaigawa 12, kwa hiyo 2 yaigawa 12.

Mtoto wa kwanza akauliza, "Mbili mbili?" Nikasema, ndiyo. Wa pili, "Tatu tatu?" Ndiyo. Darasa zima likapiga kelele, "Sita! Ziko sita!" Nikawaambia, "Huenda ni 6, huenda ni 12, huenda ni 18 au 24. Hizo zote zingewajibu vivyo hivyo." Wakatulia kidogo. "Nne nne?" Ndiyo, hapo 6 na 18 zikaondoka. "Nane nane?" La; 24 ikaondoka. "Tisa tisa?" La, kwa hiyo 36 nayo haikuwa. Mmoja akadhani amekwisha, nikamwonyesha ya kuwa 60 bado yajibu sawa na 12 katika yote tuliyouliza. "Tano tano?" La. Wakaona kwamba kila wanapodhani wamefika, bado iko namba nyingine inayofanana na ile iliyofichwa. Tofauti haimalizwi na maswali matatu wala kumi. Yataka maswali yote.

Lakini je, yote yakiulizwa, yatatosha? Tuwaze vibuyu viwili, na kila swali tuulizalo, vyote viwili vijibu jibu moja. Yawezekana vina karanga tofauti? Haiwezekani, na sababu yake ni fupi. Kati ya maswali yote limo swali la hesabu yake yenyewe. Kibuyu cha kwanza kikiulizwa kama karanga zake zaweza kuwa fungu moja lenye hesabu ile ile waliyo nayo, hakika kitajibu ndiyo, maana kila namba hujigawa yenyewe. Basi kibuyu cha pili nacho, kwa kuwa hujibu sawasawa, kitajibu ndiyo kwa swali hilo. Maana yake namba ya kwanza yaigawa ya pili, nayo haiwezi kuizidi. Geuza maneno hayo uanze na kibuyu cha pili, utaona kwamba ya pili nayo haiizidi ya kwanza. Zisipozidiana ni sawa. Vibuyu havikufunuliwa, na hesabu imekwisha.

Angalieni nguvu ya hoja hiyo ilitoka wapi. Ilitoka katika ule mshale uliosahauliwa, wa kitu kwenda kwake chenyewe. Pasipo huo mishale mingine yote ingebaki kama mashahidi wengi wasio na wa kumshuhudia. Na lema yenyewe, katika ukubwa wake, yasema zaidi kidogo: ukitaka kuihamisha mishale yote ya kitu, kwa namna inayopatana, katika orodha nyingine yoyote ya habari, yatosha kuamua jambo moja tu, yaani ule mshale wa kitu kwenda kwake chenyewe utaangukia wapi. Ukiisha kuamua hilo, mishale mingine yote hufuata kwa lazima, kama ng'ombe wanavyomfuata yule wa mbele mwenye kengele.

Mtu atasema, hizo ni karanga, nasi twataka habari za watu. Nakubali. Lakini lugha yetu yenyewe huonyesha jambo hili kila siku nasi hatulioni. Litazame neno "meza". Litazame mpaka macho yaume. Halitakuambia ni moja au ni nyingi. Lakini sema "meza hii imevunjika" au "meza hizi zimevunjika", mara moja wajua, na habari hiyo haikutoka katika neno, ilitoka kwa majirani zake. Au "rafiki": kwa sura yake ungelidhani limo katika kundi moja na meza, mpaka usikie "rafiki huyu amekuja". Mwafrika mmoja aliona uzito wa makundi hayo ya majina. Ndiye Alexis Kagame, padre wa Rwanda, aliyeandika mwaka 1956 juu ya falsafa iliyomo katika lugha ya Kinyarwanda. Aliyachunguza makundi hayo, akaona vyote vilivyopo vyaingia katika mafungu manne: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Yeye naye alimwendea Aristotle kutafuta jina la mafungu yake.

Kabla yake, mwaka ule ule wa 1945 Eilenberg na Mac Lane walipoandika, kitabu kilichapwa Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Mwandishi wake alikuwa Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji wa shirika la Wafransisko katika Katanga, naye alieleza kwamba kwa Wabantu hakuna aliyepo peke yake, bali kila kilichopo ni nguvu iliyofungamana na nguvu nyingine. Naye John Mbiti, padre Mwanglikana wa Kenya, mwaka 1969 aliandika ya kuwa katika Afrika mtu hujitambua kwa kuwa wenziwe wapo. Wataalamu wengine wamewapinga, wakasema hizo ni fikira za waandishi wenyewe wala si za watu wote wa Afrika. Mimi si hakimu wao. Ila naona hatari moja ambayo haimo katika vitabu hivyo bali katika vinywa vyetu. Tukisema mtu ni watu, twaweza kuteleza tukafika mahali pa kusema kwamba asiye na watu si mtu. Na hapo ndipo nilipofika mimi na kalamu yangu, ingawa sikulitamka.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo imemwaga damu. Katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ni kwamba macho yao yalikuwa mekundu. Mama aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa kuni, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Wauaji waliuliza swali moja, wakapata jibu moja, wakadhani wamemjua mtu. Ni kama darasa langu lililopiga kelele "Sita!" Tofauti ni kwamba karanga zaweza kuhesabiwa tena. Hakuna aliyeuliza ni watoto wa nani aliowapokea mikononi wakati wa kuzaliwa, ni nani aliyekula kwake wakati wa njaa, ni nani aliyemdai shamba. Hilo la shamba, nijuavyo tabia za watu, lingefaa kuulizwa la kwanza.

Tena kanuni ile yatupa kipimo cha uwongo. Akija mtu akisema karanga zile zagawanyika nne nne lakini hazigawanyiki mbili mbili, sina haja ya kufunua kibuyu. Najua amesema uwongo, maana mishale yake haiungani. Vivyo hivyo na maneno juu ya jirani. Mtu mmoja asema huyu ni mchoyo, na mwingine asema ndiye aliyemlea yatima wa ndugu yake kwa miaka kumi. Kabla ya kuchukua habari hizo mbili na kuzibeba sokoni, yapasa kuuliza kama zaweza kukaa pamoja, na kama haziwezi, ni ipi iliyovunjika. Kazi hiyo ni ngumu nami naikiri. Ni rahisi zaidi kuibeba ile ya kwanza.

Wala sisemi ya kuwa mwanadamu aweza kukusanya mishale yote ya mwenziwe. Katika hesabu twasema "yote" kwa pumzi moja. Katika maisha hatuwezi. Kwa hiyo ujuzi wetu juu ya mtu huwa daima ni kama wa watoto wale kabla ya swali la mwisho: 12 na 60 bado zimesimama pamoja. Kujua hivyo kungepunguza ukali wa ndimi zetu.

Sasa nirudi kwa mtoto wangu. Siku ya tatu alikuja shuleni bibi mmoja, akitembea kwa fimbo. Nalimwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akakataa kiti nilichompa, akaketi juu ya jiwe mlangoni. Akasema, "Mwalimu, nimeambiwa umeandika kwamba mtoto wangu hana."

Nikasema, "Bibi, nalimwuliza majina ya wazazi, hakuyajua."

"Hayajui, ni kweli. Nami siyajui. Aliletwa na watu waliokuwa wakihama na mifugo yao mwaka wa ukame, alikuwa na homa, wakamwacha kwangu wakisema watarudi. Hawakurudi. Lakini wewe hukuandika kwamba hajui. Umeandika hana. Sasa chukua kalamu nikuhesabie."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, wala hakuwa na haraka. Mbuzi wa nyumba fulani, yeye ndiye awachungaye, na kwa saa hii wanamjua kwa sauti yake. Mzee kipofu wa ng'ambo ya korongo, yeye ndiye amshikaye mkono kwenda kisimani. Yuko mtoto mdogo ambaye halali mpaka huyu aje. Yuko mama aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe alipokuwa mgonjwa, na kwa hiyo mwana yule ni nduguye. Yuko fundi wa baiskeli anayemdai shilingi mia tano. Nalicheka, yeye hakucheka. "Hilo nalo liandike," akasema. "Anayedaiwa ni mtu anayejulikana." Kisha akanieleza kwamba bibi yake mwenyewe aliingia katika nyumba yao wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyotupata Ugogo miaka ya 1917 hadi 1920, watu wengi walipokufa na wengi wakatawanyika. Alikuwa kitoto kisichojua hata kijiji chake. "Kutoka kwake tumetoka watu zaidi ya arobaini," akasema. "Angalikutana na daftari lako, ungaliandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nalikwenda nikamwita mtoto darasani. Alikuja, akasimama karibu na bibi. Nikaanza kusema ya kuwa nataka kusahihisha daftari, na kwamba nitaandika jina la bibi katika nafasi ya mlezi. Bibi akanikatiza. "Na yeye mwenyewe umemwuliza?"

"Nimwulize nini, bibi?"

"Mwulize yeye ni nani."

Nikamwuliza. Nalidhani atataja jina, au atamwangalia bibi amjibie. Alinitazama kwanza kama mtu anayeulizwa jambo la upuuzi, akasema, "Ni mimi, mwalimu."

Wakati ule nilidhani ni jibu la kitoto. Sikuwa nimesoma bado habari za Yoneda, wala sikujua ya kuwa katika elimu ile hakuna kitu hata kimoja, kiwe kidogo namna gani, kiwe kimesahauliwa na vitu vingine vyote, ambacho chaweza kuandikiwa "hana". Maana mshale wake kwenda kwake chenyewe upo siku zote, na hesabu yote huanzia hapo.

Nalilifuta neno lile mahali pote patatu kwa wembe, kwa kuwa liliandikwa kwa wino. Katika nafasi ya baba na ya mama nikaandika, "Hajui," na katika nafasi ya mlezi nikaandika jina la bibi. Mahali alipozaliwa napo nilitaka kuandika hivyo hivyo, lakini nalikuwa nimekwangua mno, karatasi ikatoboka. Tundu lile lingalipo. Ukilifungua daftari na kuliinua kwenye mwanga, waona mwanga wapita.